Chaneli za jengo letu: niliyosema Jumapili kuhusu modemu zetu

Haya ni maneno niliyoongea Jumapili jioni pale uani kwenye kikao cha wakazi wa flati zetu hapa Upanga. Wengi mlikuwa kazini au safarini mkaniomba niyaandike, basi nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, nimeongeza tu namba mbili tatu ambazo pale nilizisahau.

Shikamooni wazee wangu, majirani habari za jioni, vijana mambo. Namshukuru mwenyekiti kunipa nafasi hii kabla hatujaingia kwenye ajenda ya maji na ya taka. Mnanifahamu, nakaa ghorofa ya pili, kazi yangu ni kufunga mitandao majumbani na maofisini, na kwa wiki tatu hivi nimekuwa nikigongewa mlango na majirani kwa shida moja ileile, waifai inakwama, video inazunguka tu, mtoto yuko kwenye darasa la mtandaoni sauti inakatika, na kila mmoja anadhani ni shida ya kwake peke yake. Si ya kwake peke yake. Ndio maana nikaomba tukae wote, kwa sababu kuna sehemu ya hii shida ambayo hata uwe na modemu ya bei gani huwezi kuimaliza ukiwa umejifungia ndani kwako.

Nianze na pesa maana pesa ndiyo inayouma. Zamani kabla sijaingia kwenye hii kazi nilikaa miezi mitano nalipia kifurushi cha intaneti mara mbili ya kile nilichoanza nacho, kwa sababu nilipopiga simu huduma kwa wateja nikaeleza kwamba mtandao unakwama chumbani jibu lilikuwa pandisha kifurushi, nikapandisha, chumbani mtandao ukabaki vilevile. Siku moja rafiki akaja na waya, akachomeka kutoka kwenye modemu mpaka kwenye laptopu, tukapima. Spidi yote niliyolipia ilikuwepo. Yote! Ilikuwa inafika mpaka sebuleni kwangu kila siku halafu inapotelea kwenye zile mita tisa kutoka kwenye modemu mpaka kitandani. Miezi mitano nimetoa hela ya ada ya mtoto kununua kitu ambacho tayari nilikuwa nacho. Sitaki jirani yangu yeyote apitie hiyo, na nilipoingia kwenye nyumba zenu wiki hizi nimekuta watu wasiopungua wanne wako humohumo sasa hivi tunavyoongea.

Kwa hiyo kabla hujagusa setingi yoyote, pima. Na kupima si kusimama jikoni na simu mkononi ukafungua apu ya kupimia mara moja ukakasirika. Chukua laptopu, chomeka waya kwenye modemu, zima waifai kwenye hiyo laptopu, waambie watoto waache kidogo, pima mara tatu. Halafu chomoa waya, simama hatua mbili mbele ya modemu, pima kwa waifai. Halafu nenda chumbani pima tena. Andika kwenye karatasi na saa uliyopima, kwa sababu asubuhi saa nne na usiku saa tatu ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukiona kwa waya uko sawa na kwa waifai umeanguka, shida iko ndani ya nyumba, ni yetu sisi. Ukiona hata kwa waya spidi ni robo ya unacholipia, na ni hivyo siku zote asubuhi na usiku, hapo ndio upige simu kwa kampuni, na uwaambie umepima kwa waya, maana ukiwaambia umepima kwa waya hawana pa kukukwepea.

Na tuelewane kwenye namba, kuna mzee alikuwa amekasirika kweli, kalipia 20 lakini kompyuta inamwonyesha 2.5. Mzee wangu hawajakuibia. Zile 20 za kifurushi ni megabiti kwa sekunde, ile 2.5 ya kompyuta ni megabaiti, na baiti moja ni biti 8, gawanya 20 kwa 8 utapata hiyohiyo 2.5. Filamu ya gigabaiti moja kwa spidi hiyo inashuka kwa dakika kama saba hivi. Alivyoelewa roho ikatulia.

Sasa ngoja niwaeleze nilichokiona ghorofa ya tatu, mwenye nyumba yupo hapa na kaniruhusu. Nimeingia nikauliza modemu iko wapi, mama akanielekeza kwenye kabati la runinga. Kabati zuri la mninga, milango ya kioo. Nikafungua kioo, nikakuta kisimbuzi, spika kubwa ya chini, maua ya plastiki, na nyuma ya maua kabisa ndio modemu imelala chali, imefunikwa kitambaa cha kufuma cheupe chenye ncha za bluu, kitambaa kimepigwa pasi. Nikaishika, ya moto kama pasi yenyewe. Zile antena mbili moja imekunjwa nyuma na nyingine imebanwa na waya wa spika. Sasa mama wa watu kaipenda ile modemu, kaipamba kama anavyopamba kila kitu cha thamani ndani kwake, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kile kitu ni redio, kinaongea hewani, na ukikiweka kwenye kabati nyuma ya runinga yenye bati mgongoni umemfunika mtu mdomo halafu unamuuliza mbona hasikiki. Tukaitoa, tukaiweka juu ya kabati, imesimama, antena zimenyooka juu, kitambaa tukakitandika chini yake ili kazi ya mikono isipotee. Chumbani kwa watoto ilikuwa 3, ikawa 11. Hatujagusa setingi hata moja bado.

Hizi kuta zetu ni zege lenye nondo ndani. Walio na ndugu Mji Mkongwe kule Unguja wanajua zile kuta za mawe ya matumbawe unene wake zinavyomeza mawimbi, hapa kwetu kuta ni nyembamba lakini nondo inafanya kazi yake. Kwa hiyo modemu ikae katikati ya nyumba, juu kidogo, mbali na friji, mbali na kioo kikubwa cha kujitazamia, mbali na maikrowevu. Maikrowevu hiyo ya kupashia chakula inafanya kazi kwenye masafa yaleyale karibu na gigahetzi 2.4, ukiwasha kupasha wali waifai inayumba mpaka ukizima. Waya mfupi wa mafundi waliokuja kufunga faiba usikupangie maisha, wao wanaweka pale waya ulipoishia wakaondoka, unaweza ukanunua waya wa mtandao wa mita kumi ukasogeza rauta, yaani hicho kisanduku cha waifai ambacho wengi tunakiita modemu. Ule waya mwembamba wa faiba wenyewe usiuvute wala kuukunja, ndani ni kioo.

Haya, sasa ndio tuingie kwenye setingi. Geuza modemu chini, kuna stika. Kuna namba imeandikwa, kwa wengi ni 192.168.1.1, za faiba nyingi za Huawei ni 192.168.100.1, zile za laini ya simu ni 192.168.8.1. Unaiandika kwenye brauza ukiwa umeunganishwa na waifai yako mwenyewe, unaweka jina na pasiwedi vya kwenye stika. Kabla hujabadilisha chochote, piga picha kila ukurasa kwa simu. Kila ukurasa. Na kuna sehemu naomba kabisa msiguse, palipoandikwa WAN, palipoandikwa PPPoE, palipoandikwa VLAN, hapo ndio ulipo mkataba wa modemu na kampuni yako, ukifuta kitu pale mtandao unakata na fundi atakuja baada ya siku tatu. Badilisha kitu kimoja, sevu, pima, andika. Ukibadilisha vitano kwa pamoja hutajua kipi kimekusaidia na kipi kimekuharibia.

Cha kwanza ambacho ningewaomba mkiangalie ni masafa. Modemu nyingi za siku hizi zina redio mbili, ya gigahetzi 2.4 na ya gigahetzi 5. Ile ya 2.4 inafika mbali na inapita ukutani lakini njia yake ni nyembamba na imejaa watu, ile ya 5 ni pana na ina nafasi lakini ikikutana na zege inachoka haraka. Wengi mmeachiwa jina moja la waifai kwa zote mbili na modemu inachagua yenyewe, na mara nyingi simu inang'ang'ania ile ya 2.4 hata ukiwa umekaa sebuleni mbele yake. Zitenganishe, zipe majina mawili, runinga na laptopu ya kazini zipeleke kwenye 5, ile simu ya jikoni na kamera ya mlangoni ziache kwenye 2.4. Peke yake hiyo kwenye nyumba mbili hapa imetosha, nikafunga begi nikaondoka.

Cha pili, ulinzi. Kuna modemu za zamani humu bado ziko kwenye aina za kale za kufunga waifai, WEP au ile WPA yenye neno TKIP. Achilia mbali kwamba si salama, inakula spidi, kwa sababu kiwango cha waifai kilichotoka mwaka 2009 kinakataza spidi zake kubwa kwenye TKIP, kwa hiyo modemu yako inarudi kwenye kiwango cha zamani cha megabiti 54, na hizo 54 ni za kwenye karatasi, mkononi utapata kama nusu yake ikiwa bahati yako nzuri. Weka WPA2 yenye AES, au WPA3 kama vifaa vyako vinaikubali. Zima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kubonyeza kitufe au kwa namba fupi. Na badilisha ile pasiwedi ya kiwandani ya kuingilia kwenye modemu, mwaka 2016 kuna kirusi kiliitwa Mirai kilizunguka dunia nzima kinajaribu tu majina na pasiwedi za kiwandani, orodha yake haikuzidi sana 60, na kilikamata makamera na marauta kwa mamia ya maelfu. Modemu iliyokamatwa inafanya kazi ya mtu mwingine na wewe unalipa bili.

Sasa chaneli. Hapa ndipo nilipowaitia.

Hii redio ya 2.4 ina chaneli, yaani vijia vya hewani, 13 ukiangalia kwenye menyu, mtu anaona 13 anasema ah zipo nyingi, lakini zimepandana. Kila chaneli inachukua upana wa megahetzi 20 wakati chaneli na chaneli zimepishana megahetzi 5 tu, kwa hiyo ukiwa kwenye 3 uko pia kwenye 1 na uko pia kwenye 5. Tatu tu ndizo zinazoweza kukaa bila kukanyagana, nazo ni 1, 6 na 11. Tatu. Sisi tuko flati 24 hapa, ghorofa sita mara nne, na wiki iliyopita nilisimama kwenye ngazi ya ghorofa ya tatu na apu ya kuangalia waifai nikahesabu majina 31 kwa sababu kuna wenye majina mawili na kuna jengo la jirani. Kumi na saba yako kwenye chaneli 6. Mengine yametawanyika, 3, 4, 8, 9. Kwenye 11 mawili tu! Kule kuna uwanja mtupu na sisi tumebanana kwenye kijia kimoja.

Sikilizeni hiki maana watu wengi hata mafundi wanakikosea. Modemu mbili zikiwa kwenye chaneli moja zinasikiana, zinapeana zamu, huyu akiongea yule anasubiri, spidi inagawanyika lakini kuna adabu. Modemu moja ikiwa kwenye 6 na nyingine kwenye 4 hazielewani kabisa, kila moja inaiona nyingine ni kelele tu, zinaongea kwa pamoja, maneno yanaharibika, yanarudiwa, yanaharibika tena. Kwa hiyo yule anayejificha kwenye chaneli 4 akidhani kapata kichochoro cha peke yake anawaharibia wa 1 na wa 6 wote na yeye mwenyewe anaharibikiwa. Bora kubanana na mwenzako kwenye chaneli moja kuliko kukaa nusu kwake nusu kwa mwingine.

Na upana. Kuna setingi imeandikwa 20 au 40. Mtu anaona 40 ni kubwa anaweka 40, na modemu nyingine zimetoka nazo hivyo kiwandani. Kwenye 2.4 ukiweka 40 umechukua chaneli mbili kati ya zile tatu peke yako, ni sawasawa na kuegesha gari moja kwa kukingama sehemu ya magari mawili pale chini. Kwa nyumba iliyo shambani peke yake sawa, weka. Kwa jengo kama hili naomba wote turudi 20. Ile 40 na 80 tuiache kwenye redio ya 5, kule nafasi ipo, wa upande mmoja wakae kuanzia 36 na wa upande wa pili kuanzia 149, na zege letu linatusaidia kututenganisha.

Halafu nguvu. Kuna mahali pameandikwa nguvu ya kurusha, asilimia 100, na kila mtu yuko 100. Fikirieni kidogo, modemu ikipiga kelele sana simu yako inaisikia vizuri, mistari yote imejaa, lakini simu nayo inatakiwa ijibu, na simu ina betri ndogo na redio ndogo, sauti yake hairefuki kwa sababu modemu imepaza yake. Ndio maana unaona mistari imejaa na hakuna kinachoenda. Na ile sauti ya ziada inaishia wapi? Kwa jirani. Flati zetu ni vyumba viwili, ukishusha mpaka 50 au 60 hutaona tofauti ndani kwako lakini wa juu yako atapumua. Anza taratibu, pima chumba cha mwisho, ukiona imeshuka rudisha.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho hakionekani. Kila jina la waifai linajitangaza hewani mara 10 hivi kwa sekunde, mimi nipo, mimi nipo. Kama modemu imeachwa ikubali vifaa vya kizamani vya aina ya b, tangazo hilo linatolewa kwa spidi ya chini kabisa, megabiti 1, linachukua muda mrefu hewani. Majina 31 mara 10 kila sekunde, bado hata mtu mmoja hajafungua video. Kwa hiyo ukiona pameandikwa b/g/n weka g/n au n peke yake kama huna kifaa cha kale, na yale majina ya wageni mliyofungua wakati wa harusi na misiba yafungeni, kila jina ni tangazo jingine.

Nigusie na hili la mtu mmoja ndani ya nyumba kuangusha nyumba nzima. Mnalijua, kijana anapandisha video yake mtandaoni, au simu inajipandishia picha yenyewe usiku, na papo hapo baba aliye kwenye mkutano wa video anaganda. Spidi ya kushuka ipo, iliyojaa ni ya kupandisha, na modemu ina stoo yake ndani ambapo vifurushi vya data vinapanga foleni, stoo ikiwa kubwa foleni inakuwa ndefu na kila kitu kinasubiri nyuma ya picha za harusi. Nilipima kwangu, pingi, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi, ilikuwa milisekunde 18, kijana wangu alipoanza kupandisha ikafika 900. Dawa yake iko sehemu ya QoS, yaani ya kupanga nani apite kwanza, unaiambia modemu isitumie zaidi ya asilimia 85 mpaka 90 ya spidi uliyopima ya kupandisha. Unapoteza kidogo juu, unapata utulivu. Na kama rauta yako inakubali kuwekewa OpenWrt, programu huria inayochukua nafasi ya ile ya kiwandani, kuna utaratibu unaitwa CoDel, ulioandikwa mwaka 2012 na Kathleen Nichols na Van Jacobson, na ndugu yake fq_codel, huo unapanga foleni vizuri kabisa, kila mtu anapewa zamu yake.

Huyu Jacobson nina sababu ya kumtaja. Oktoba 1986 kule California intaneti ilikuwa bado changa, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha Berkeley, sehemu mbili zilizo yadi 400 tu kutoka moja mpaka nyingine, hata nusu kilomita haifiki, spidi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde mpaka biti 40. Arobaini! Waya haukukatika. Mashine zilikuwa zinatuma, zikiona hakuna jibu zinatuma tena, kila moja inazidisha, mpaka njia ikajaa marudio matupu. Na kilichoiponya hakikuwa waya mkubwa zaidi, ilikuwa kuzifundisha mashine kupunguza zikiona njia imejaa, na mpaka leo simu yako mfukoni inafanya hivyo. Nilipoisoma hiyo habari nilifikiria jengo letu moja kwa moja.

Kwa wale wa ghorofa ya sita mnaotumia modemu za laini, kwenu kuna ukurasa wa taarifa za signo, angalieni vitu viwili, RSRP, yaani nguvu ya signo inayokufikia, na SINR, yaani signo ikilinganishwa na kelele. RSRP ya karibu na minus 80 ni nzuri, ikishuka minus 110 uko pabaya. SINR ikiwa juu ya 20 furahi, ikiwa sifuri au chini yake hata mistari ijae hupati kitu. Zungukeni na modemu dirisha kwa dirisha, kaeni dakika mbili kila dirisha, mchague lenye SINR kubwa na sio lenye mistari mingi. Dirisha la jikoni kwa mzee wa kona lilitoa 4, la chumbani likatoa 17, nyumba ileile, na akabaki na kifurushi chake kilekile.

DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba, mnaniuliza sana. Kuweka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kunaweza kufanya kurasa zianze kufunguka haraka kidogo kama DNS ya kampuni yako ni nzito, lakini filamu haitashuka haraka zaidi hata kwa nukta. Wekeni mkitaka. MTU, ukubwa wa kifurushi kimoja cha data, iacheni, kwa wenye PPPoE ni 1492 na modemu inajua. Na kuzima na kuwasha kunasaidia kweli, ila ikiwa unalazimika kufanya hivyo kila siku basi modemu ina joto, au inahitaji kuapudetiwa, au chaja yake imechoka, chaja za modemu zinakufa taratibu sana na watu hawazishuku.

Na kuna siku ambazo si modemu wala si jirani. Tarehe 12 Mei 2024 mnaikumbuka, Jumapili, nchi nzima mtandao ulidorora, Kenya vilevile, ilikuwa nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zimekatika huko upande wa Afrika Kusini. Siku ile nilipigiwa simu na watu waliokuwa wamebonyeza kitufe cha riseti wakafuta kila kitu kwenye modemu zao, na nyaya zilipotengenezwa wao wakabaki hawana mtandao. Kile kitufe kidogo cha kuchomeka sindano msikiguse kabla hamjauliza jirani kama na kwake kuko hivyohivyo.

Sasa ombi langu. Nimechora mpango, ni mwepisi. Kila ghorofa ina flati A, B, C na D. Ghorofa ya kwanza A anakaa chaneli 1, B 6, C 11, D anarudi 1. Ghorofa ya pili tunasogeza, A 6, B 11, C 1, D 6. Ya tatu A 11, B 1, C 6, D 11. Ya nne inafanana na ya kwanza, ya tano na ya pili, ya sita na ya tatu. Ukiangalia hivyo hakuna mtu anayegongana na wa pembeni yake, wala wa juu yake, wala wa chini yake. Wote upana 20, na pale palipoandikwa otomatiki pa chaneli paondolewe, kwa sababu modemu ikijichagulia yenyewe inatuvurugia mpango usiku tumelala. Mtu mmoja akikataa tutaishi, wakikataa kumi tumerudi tulipokuwa.

Kuna dada aliuliza kwa nini yeye ahame wakati kwake waifai iko sawa. Dada yangu, ni swali la haki. Kwako iko sawa kwa sababu modemu yako ni mpya na iko kwenye 40, umelala kwenye chaneli ya B na ya C wote wawili, na kwa B kuna bibi ambaye kila Ijumaa usiku anaongea na wajukuu wake walioko Muscat kwa video, na kila Ijumaa anawaona wameganda. Nimekaa naye nikaona kwa macho yangu, anaita jina la mtoto, picha imesimama mdomo wazi, anasubiri, anaita tena. Ukirudi kwenye 20, vile vifaa vyako viwili vya kazi tukavihamishia kwenye redio ya 5, kwako haitapungua kitu, nitakuja nipime mbele yako na kama imepungua narudisha palepale.

Karatasi ya mpango nimeibandika chini pale kwenye mita za umeme. Kesho saa moja jioni naanza na ghorofa ya kwanza napanda juu, ghorofa moja kila siku, hakuna malipo, mniandalie tu modemu iwe imetoka kabatini na muwe na ile karatasi ya vipimo mlivyopima. Ijumaa saa tatu usiku, ghorofa zote zikiwa bado hazijaisha, nitakuwa kwa bibi wa B, nataka niwe pale simu ya Muscat ikiingia.